Nanasi la jiwe na moto uliofichwa ukutani

Kuna picha moja ambayo hunifikia kwenye simu kila baada ya miezi michache. Inaonyesha jengo la mawe huko Uskoti, na juu yake, mahali ambapo ungetarajia paa, limesimama nanasi kubwa la jiwe lililochongwa jani kwa jani. Maelezo yake hubadilika kila inapopita mkononi mwa mtu. Mara ni hekalu la watu walioabudu nanasi, mara ni kaburi la mfalme. Mara ya mwisho aliyenitumia ni mpwa wangu anayesoma sekondari: "Mjomba, hivi hawa jamaa walikuwa wanaliabudu kweli?"

Nilimjibu hapana, kisha nikajikuta naandika ujumbe usiokwisha, maana jibu la swali lake halimo kwenye nanasi. Limo pembeni mwa picha, kwenye mitungi ya mawe iliyopangwa juu ya ukuta, kulia na kushoto. Watu huiona kama mapambo. Mitungi ile ni dohani. Ukuta uliobeba mitungi hiyo una uwazi ndani, na joto la moto uliowashwa chini yake lilipita katika uwazi huo likipasha matofali, kisha moshi ukatokea juu kupitia mitungi ambayo mgeni aliyealikwa chai asingeitilia shaka.

Hapo ni Dunmore, katika bustani ya John Murray, kabaila wa nne wa eneo hilo. Mwaka 1761 umechongwa juu ya mlango. Jengo ni kibanda cha kupumzikia cha bwana, na katika bustani iliyolizunguka yalikuzwa mananasi. Uskoti. Nchi ambayo maji ya dimbwi huganda barafu usiku wa Januari.

Mananasi hayo yaliwezekanaje? Swali hilo ndilo linalowapeleka waakiolojia leo kuchimba magofu ya bustani za matajiri wa zamani. Najua wengi hushangaa: kuna nini cha kuchimba kwenye kitalu nyumba? Hakuna dhahabu, hakuna mifupa ya mfalme. Kuna majivu, masizi, vigae vya vyungu na matofali yaliyoungua. Mimi naamini vitu hivyo vinasema kweli kuliko hati nyingi za makabaila hao, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Maneno kwanza

Tukisikia "kitalu nyumba" hapa kwetu, tunawaza nailoni nyeupe iliyotandazwa juu ya mabomba, nyanya ndani, na mipira ya maji ya matone. Kazi yake kubwa ni kuzuia mvua isiyotakiwa, wadudu na upotevu wa maji. Joto tunalo la kutosha, mara nyingine tunahangaika kulitoa. Wengine wakisikia neno hilo wanakumbuka habari za gesi joto na mabadiliko ya tabianchi. Majengo ninayoyazungumzia yana undugu na hayo yote, lakini kazi yake ilikuwa moja: kutengeneza joto mahali ambapo halipo, usiku na mchana, kwa miezi.

Yalijengwa kwenye mashamba ya makabaila. Hapo usiwaze shamba la mahindi tu. Ni nyumba kubwa ya familia tajiri, viwanja vya kutembelea, misitu ya kuwindia, mashamba ya wapangaji, na bustani iliyozungushiwa ukuta mrefu kwa ajili ya matunda, mboga na maua ya mezani. Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na aina kadhaa za majengo yaliyopashwa joto. Oranjeri ni nyumba ya michungwa: ukumbi wenye madirisha marefu upande wa kusini, ambako miti iliyopandwa kwenye mapipa iliingizwa wakati wa baridi na kutolewa nje baridi ilipokwisha. Ukuta wa moto ni ukuta wenye njia za moshi ndani yake, na miti ya matunda huegemezwa juu yake. Shimo la mananasi ni kitalu kifupi kilichochimbwa ardhini na kufunikwa vioo. Halafu kuna nyumba ya kioo yenyewe, tunayoifahamu kwenye picha, na hiyo ilikuja kuenea baadaye kuliko watu wanavyodhani.

Nasema hivyo kwa sababu hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Watu wengi huamini kwamba oranjeri za zamani zilikuwa na paa la kioo. Nyingi hazikuwa nalo. Zilikuwa na paa la kawaida na ukuta mnene nyuma, zikafanana zaidi na ukumbi wa sherehe kuliko kitalu. Michungwa haikuhitaji jua kali wakati wa baridi. Ilihitaji tu isife. Kioo kilikuwa ghali, na Uingereza ilikitoza kodi kuanzia miaka ya 1740 mpaka 1845. Kodi hiyo ilipofutwa, nyumba za kioo zikachipuka kila kona ya nchi. Mchimbaji anayekuta vipande vingi vya kioo chembamba juu kabisa, na karibu hakuna kioo chini yake, huwa tayari ana fununu ya mwaka alipo.

Kioo hakitoshi

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kwamba kioo ndicho kilicholeta joto. Fikiria gari lililoegeshwa juani, vioo vimepandishwa. Saa nane mchana huwezi kushika usukani. Rudi saa kumi alfajiri, gari hilo hilo ni baridi kama hewa ya nje. Kioo hulinasa jua la mchana, lakini hakiwezi kuliweka mpaka kesho yake. Na London katikati ya Desemba mchana wote haufiki urefu wa saa 8, tena mara nyingi chini ya wingu zito. Usiku una saa 16. Nanasi linahesabu usiku huo wote.

Basi moto ukahitajika. Lakini uwekwe wapi? Jawabu la haraka lilikuwa kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba. Sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa, milango imefungwa, wakakutwa asubuhi. Mimea nayo ina namna yake ya kudhurika: hewa chafu ya moto huichoma majani, na hewa kavu inayozunguka jiko huinyonya maji. Moto ulipaswa kuwa nje, na joto lake pekee ndilo liingie.

Agosti 1685 John Evelyn, Mwingereza aliyeandika shajara kwa miaka mingi, alitembelea bustani ya wauza dawa huko Chelsea. Alichokisifu zaidi ya yote ni moto wa chini ya ardhi. Jiko lilikuwa chini ya nyumba ya mimea, limejengewa kuba la matofali, na kwa ajili hiyo mtunzaji aliweza kuacha milango na madirisha wazi hata wakati wa baridi kali, akizuia theluji tu isiingie.

Mimi nilipoyasoma maneno ya Evelyn sikuwaza Chelsea. Niliwaza shimo la kuvundikia ndizi la bibi yangu kule Muleba. Kabla ya kutengeneza lubisi, yaani pombe ya ndizi, ndizi zilipangwa shimoni juu ya majani makavu ya mgomba, zikafunikwa kwa majani mabichi na udongo. Pembeni palikuwa na kishimo kidogo chenye moto wa maganda na vijiti, na kitundu kati yake na shimo kubwa. Moto haukugusa ndizi hata moja. Joto na moshi vilipita kwenye kitundu, vikazunguka, na baada ya siku chache ndizi zilikuwa za njano. Bibi alikuwa akipitisha kiganja juu ya udongo, anatulia kidogo, kisha anasema ongeza au acha. Kiganja chake ndicho kilikuwa kipimajoto. Ukilielewa shimo lile, umeelewa nusu ya majengo haya. Moto mahali pamoja, mmea mahali pengine, na kati yao njia ya hewa moto.

Warumi waliijua njia hiyo zamani. Walijenga sakafu juu ya nguzo fupi za matofali na kupitisha moto chini yake, katika bafu zao na vyumba vya matajiri. Waakiolojia huuita mfumo huo hipokausti. Wajenzi wa bustani wa karne ya 17 na 18 waliurudia kwa namna mbalimbali: chini ya sakafu, nyuma ya ukuta, ndani ya ukuta wenyewe.

Ndani ya ukuta wa moto

Tuingie ndani ya ukuta mmoja taratibu, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo.

Ukiutazama kwa upande wa bustani, ni ukuta mrefu wa matofali, pengine mita 3 au 4 kwenda juu, na miti ya pichi au mizabibu imetandazwa juu yake kama viganja vilivyofunguliwa. Ukizunguka nyuma, upande wa kaskazini ambao jua haliufikii, unakuta ngazi zinazoshuka kwenye kishimo. Mwisho wa ngazi kuna kilango cha chuma, na nyuma yake tanuri. Kutoka tanurini moshi haupandi moja kwa moja. Unalazimishwa kwenda kulia, unapanda kidogo, unarudi kushoto, unapanda tena, kama nyoka anayepanda ngazi. Kila unapokatiza, unaacha sehemu ya joto lake kwenye matofali, na ukifika juu kwenye dohani unakuwa umekwisha nguvu.

Kwa nini mzunguko wote huo? Kwa sababu tofali ni kama figa: hupata moto polepole na huutoa polepole. Moto ukizimika, bado ukiligusa linakuunguza. Ukuta uliolishwa makaa ya mawe jioni ungeweza kuwa vuguvugu mpaka alfajiri, saa ambayo sakitu, yaani umande ulioganda barafu, hushuka na kuua maua.

Na hapa kuna kosa la tatu. Watu hudhani kuta hizi zilichomwa moto mwaka mzima. Pichi na zabibu ni miti inayostahimili baridi ikiwa imelala. Hatari yake ni pale inapochanua mapema, kisha usiku mmoja wa sakitu unafagia maua yote. Moto uliwashwa hasa nyakati hizo za mwanzo wa joto, na tena kuelekea mwisho wa msimu ili matunda yaive na matawi yakomae. Huko Croome, katika jimbo la Worcestershire, upo ukuta wa namna hiyo uliojengwa karibu mwaka 1806, ukiwa na matanuri 5. Matanuri matano ya kuangaliwa usiku, kwa ajili ya maua.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Moto ukizidi karibu na tanuri, ukuta hupasuka na mti ulioegemea hapo hukauka. Ukipungua, mwisho wa ukuta hubaki baridi. Masizi yakijaa kwenye njia, moshi hutafuta ufa. Kwa hiyo wajenzi waliacha vitundu vya mraba vya kusafishia, vikazibwa kwa tofali moja linalotolewa. Leo, mahali ambapo tanuri limefukiwa na hakuna anayekumbuka, vitundu hivyo ndivyo humwambia mpita njia mwenye jicho kwamba ukuta huu ulikuwa jiko.

Joto bila moto

Mananasi ni habari nyingine. Hayahitaji kuokolewa wiki mbili za sakitu, yanahitaji miguu yenye joto kwa miaka 2 au 3 mpaka yazae. Waholanzi walitangulia, na katika karne ya 18 Waingereza wakayachukua maarifa yao. Siri ilikuwa gome la mwaloni lililokwisha kutumika kwenye viwanda vya kulainishia ngozi. Ukilirundika likiwa na unyevu, linavunda na kutoa joto la wastani kwa miezi. Vyungu vya mananasi vilizikwa humo mpaka shingoni.

Samadi ya farasi hufanya kazi hiyo kwa kasi zaidi. Yeyote aliyewahi kufukua rundo la mboji asubuhi ya baridi ameuona mvuke ukipanda. Vijidudu vinavyoozesha vitu hutoa joto kama mwili unavyotoa. Kule Heligan, bustani ya zamani huko Cornwall, Uingereza, shimo la mananasi linalotumia samadi lilifukuliwa na kutengenezwa upya katika miaka ya 1990. Samadi hujazwa kwenye mitaro pembeni, kuta zina matundu kama sega la nyuki, na joto huingia bila uchafu kuingia. Mwaka 1997 walichuma nanasi. Ninalipenda jaribio hilo kuliko maonyesho mengi ya makumbusho, kwa sababu lilithibitisha kwa tunda kwamba shimo linafanya kazi, na likaonyesha ni mikono mingapi inatakiwa kugeuza na kubadilisha samadi hiyo ili tunda moja lifike mezani.

Baadaye yakaja maji. Mfaransa Bonnemain alikuwa amepasha mashine za kuangulia vifaranga kwa mabomba ya maji moto tangu miaka ya 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 watunza bustani wa Uingereza wakaiga. Maji yanayochemshwa huwa mepesi na kupanda, yaliyopoa huwa mazito na kurudi chini, hivyo yanazunguka bomba lote yenyewe bila pampu. Hakuna moshi wa kuvuja, na joto linasambaa sawasawa.

Mfumo huo ulifikia kilele chake Chatsworth, Derbyshire, kwenye shamba la Duke wa Devonshire. Kuanzia mwaka 1836 mtunza bustani wake mkuu, Joseph Paxton, alisimamia ujenzi wa nyumba ya kioo kubwa kiasi kwamba gari la farasi lilipita katikati yake. Ilipashwa joto na maboila 8 na mabomba ya chuma yenye urefu wa maili 7, sawa na kama kilomita 11. Makaa ya mawe yalifikishwa kwa njia ya chini ya ardhi ili mgeni asiyaone. Malkia Victoria aliipita kwa gari la farasi mwaka 1843, taa zikimulika ndani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, makaa yakaadimika, wafanyakazi wakaenda vitani, mimea ikafa. Mwaka 1920 ikabomolewa kwa baruti. Kilichobaki ni kuta za chini za mawe, na ndani yake sasa kuna bustani ya vichochoro iliyopandwa 1962.

Kitu kimoja kutoka Chatsworth kimefika mbali kuliko kioo chake. Paxton alikuza hapo, miaka ya 1830, mgomba mfupi uliokuwa umefika Uingereza kutoka Mauritius. Ukaitwa kwa jina la ukoo wa Duke: Cavendish. Ndizi nyingi zinazouzwa leo madukani Ulaya na Marekani ni za jamii hiyo. Ndizi zetu za Bukoba ni ukoo mwingine kabisa, na bibi asingekubali kuzichanganya. Lakini tuna mzigo wetu pia katika nyumba hizo za joto. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen kule Hannover, akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Leo ua hilo hukaa kwenye madirisha ya jikoni duniani kote, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba asili yake ni miamba yenye kivuli juu ya Tanga.

Mchimbaji anatafuta nini

Jengo la kioo likibomolewa, kioo huuzwa au hutupwa, chuma huyeyushwa, mbao huoza. Mtu husimama kwenye nyasi tupu akasema hapajabaki kitu. Hilo nalo si kweli. Sehemu iliyo juu ya ardhi ndiyo ya mgeni. Sehemu ya moto ilikuwa chini, na hiyo ni vigumu kuiondoa.

Udongo uliochomwa sana una tabia ya ajabu. Chembe zake za chuma, zikipoa, hujipanga kufuata mvuto wa sumaku wa dunia na kubaki hivyo. Tanuri lililozikwa linakuwa kama dira iliyokwama. Mtaalamu akitembea juu ya nyasi na kipima sumaku, mahali pa tanuri hung'aa kwenye ramani yake kabla jembe halijagusa ardhi. Ukame nao husaidia. Wakati wa joto kali la mwaka 2018, nyasi za Chatsworth zilikauka kwa kufuata mistari ya bustani ya mwaka 1699 iliyokuwa imefukiwa, na watu wakaiona kwa macho kutoka juu.

Wakishuka chini, wanasoma masizi. Tabaka nene lililoganda ndani ya njia ya moshi huonyesha moto wa muda mrefu. Matofali yaliyobadilika rangi na kung'aa kama kigae huonyesha mahali palipochomwa kupita kiasi. Majivu ya kuni na mabaki ya makaa ya mawe hutofautishwa. Vyungu pia vina lugha yake. Wafinyanzi wa Uingereza walivipa vyungu vya bustani namba kwa kadiri ya vingapi vilitoka kwenye kipimo kimoja cha udongo, kwa hiyo chungu cha "60" ni kidogo na cha "1" ni kikubwa. Ukiokota vigae vya kutosha unaweza kujua kama chumba kilikuwa cha kuoteshea miche au cha miti mikubwa. Na chavua, vumbi la maua lisiloonekana kwa macho, hubaki kwenye udongo mamia ya miaka. Kwa hadubini, mtaalamu huitambua mimea ambayo haikuandikwa kwenye daftari lolote.

Ramani za zamani na madaftari ya manunuzi hutumika pia, na ni ya thamani. Lakini daftari la bwana huandika tani za makaa. Haliandiki nani aliamka saa tisa usiku kuyatia tanurini.

Waliolala karibu na tanuri

Uingereza waliamka vijana. Nyuma ya ukuta wa kaskazini, sehemu yenye baridi na unyevu ambako mmea wowote wa maana usingekaa, palijengwa vyumba vya watunza bustani wanafunzi, jirani na maboila. Waliishi hapo ili wasichelewe moto. Kule Heligan, kwenye chokaa ya ukuta wa choo cha wafanyakazi, yalikutwa majina yao waliyoandika wenyewe kwa penseli, na tarehe: Agosti 1914, mwezi vita ilipoanza.

Marekani waliamka watumwa. George Washington alijenga nyumba ya mimea huko Mount Vernon, Virginia, ikakamilika mwaka 1787. Alikuwa ameandika barua kuulizia jinsi mjane mmoja wa Maryland, Margaret Carroll, alivyoijenga na kuipasha joto yake. Miaka michache baadaye akaongeza mabawa mawili kwenye jengo hilo. Yalikuwa makazi ya watumwa. Jengo liliungua mwaka 1835 na kujengwa upya 1951, na mtalii wa leo huona michungwa katikati na vitanda vya mbao pembeni, chini ya paa moja.

Lakini mahali palipozungumza waziwazi ni Wye House, Maryland, shamba la ukoo wa Lloyd. Hapo oranjeri ya karne ya 18 ingali imesimama. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya kupinga utumwa, aliishi hapo utotoni miaka ya 1820. Katika masimulizi ya maisha yake, yaliyochapishwa 1845, aliieleza bustani ya Kanali Lloyd: matunda ya kila namna, wageni wakija kutoka Baltimore na Annapolis kuiangalia, na watoto na wakubwa wenye njaa wakiyatazama kwa mbali. Lloyd alipaka lami kwenye uzio wote. Mtumwa aliyekutwa na lami mwilini alichapwa viboko, kwa kuwa lami ilikuwa ushahidi tosha.

Mark Leone na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walichimba hapo katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kila mtu alijua upande wa mbele: madirisha marefu, malimau, jua. Wao wakaenda nyuma. Huko, kwenye chumba kilichoshikamana na ukuta wa oranjeri, walikuta alama za watu waliokuwa wakiishi: vyombo vya kulia, mabaki ya chakula. Waliotunza moto walilala ubavuni mwake. Chavua ilionyesha kwamba mbali na mimea ya fahari kulikuwa na mimea ya kula. Kwenye kizingiti cha chumba hicho zilizikwa ncha za mishale za mawe na sarafu. Na ndani ya tanuri lenyewe, katikati ya matofali, mtu alikuwa ameujengea mchi wa jiwe.

Mchi ule ni wa kale, wa wenyeji wa Amerika, umri wake ni mkubwa kuliko shamba. Aliyeuokota aliujua kuwa si jiwe tu. Leone aliueleza kwa desturi za Afrika Magharibi, ambako vitu vya namna hii huwekwa mahali pa kupita na mahali pa moto ili kuongoza nguvu zisizoonekana. Mswahili wa pwani hahitaji tafsiri ndefu. Tuna neno fingo, kitu kinachozikwa mlangoni au mpakani kulinda waliomo. Sisemi ni desturi ile ile; watu wa Wye walitoka upande mwingine wa bara. Nasema tu kwamba aliyejenga tanuri lile alikuwa na maarifa mawili mkononi kwa wakati mmoja. Alijua kupanga matofali ili joto lifike chini ya michungwa ya Lloyd, na alijua la kuweka kati ya matofali hayo kwa ajili yake na wenziwe. La kwanza aliamriwa. La pili hakuna aliyemwamuru, na hakuna daftari lililoliandika.

Mwaka 1881 Douglass alirudi Wye House, mzee wa miaka 63, mwenye jina duniani kote. Walimpokea wazawa wa Lloyd, wakatembea naye kwenye bustani, wakampa shada la maua na majani mabichi yaliyochumwa kwenye makaburi ya ukoo, naye akalibeba mpaka nyumbani kwake Washington. Oranjeri ilikuwa pale pale. Mchi ulikuwa bado ndani ya matofali.